Gobore Lililokokiwa

Katika mji ule kulikuwa na kiti kimoja ambacho hakikupata kuwa kitupu. Kilikuwa ndani ya Jumba la Kati, hatua saba kutoka kwenye mdomo wa gobore, na gobore lenyewe lilikuwa limelazwa juu ya mihimili miwili ya mpingo, kitako chake kimechimbiwa ukutani na kupigwa lipu, hata mgeni angedhani ukuta ule umeota bunduki kama mtu anavyoota jipu. Lilikuwa limekokiwa. Nani alilikoki, na siku hiyo alikuwa na hasira na nani, hakuna aliyejua. Nyundo yake ilikuwa imevutwa nyuma hadi mwisho, meno yake yameuma jiwe la gumegume, na tangu watu waanze kukumbuka mambo haikuwa imeshuka. Basi watu walikaa mbele yake kwa zamu, nyumba baada ya nyumba. Haikuwa adhabu, maana hakuna aliyekuwa na kosa. Ilisemwa tu kwamba gobore lililokokiwa ni lazima liwe na mtu wa kumtazama, na likimkosa huyo mmoja litautazama mji mzima.

Siwema alizaliwa akalikuta jambo hilo kama alivyozaliwa akalikuta jua, na kwa miaka mingi hakuliuliza. Alianza kuuliza siku baba yake, fundi Chande, alipoingia Jumba la Kati na kisanduku chake cha vyombo kulifungua gobore, akatoka jioni, akasema neno moja: limekaza. Mji mzima ulicheka. Fundi aliyeweza kufungua kufuli iliyolala kisimani miaka kumi ameshindwa na parafujo mbili. Watoto wakamwita Limekaza. Wakubwa nao wakamwita hivyo, ila kwa sauti ya chini. Aliishi na jina hilo na akafa nalo, na Siwema akavuka mto kwenda kusomea ufundi wa vyuma miaka mitatu, si kwa kuvipenda vyuma bali kwa kulichukia jina.

Sasa zamu ilikuwa imefika nyumbani kwao, na aliyekaa kitini alikuwa mama yake, Bi Kidawa. Siwema alitaka kitu kimoja tu duniani. Alitaka mtambo wa kufyatulia wa gobore lile utoke ndani ya mbao, vyuma vyake vitandazwe juu ya kitambaa kimoja kimoja, na mama yake ainuke pale akiwa mtu wa mwisho kuwahi kukaa.

"Mafundi arobaini wamejaribu," alisema Karani Kitwana. Huyu alikuwa mtunza Jumba, mtu mwembamba mwenye koti lililofungwa vifungo vyote hata wakati wa joto. "Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa wa arobaini."

"Mimi wa arobaini na moja, Bwana Karani."

"Sikukatazi. Kanuni inaruhusu. Ila fundi hufungua mtu akiwa kitini. Gobore likifunguliwa mbele ya kiti kitupu, huo ni wizi."

"Wizi wa nini?"

Karani alifikiri kidogo. "Kanuni haisemi wa nini."

"Na hii baruti iliyomo kwenye kisahani cha mtambo? Naomba niimwage kwanza. Hakuna fundi anayefungua mtambo wenye baruti."

"Baruti ni kazi yangu, binti. Kila mwezi unapoandama naongeza mpya kidogo juu ya ile ya zamani."

"Basi mwaga wewe."

"Mimi nilipewa kazi ya kuongeza," alisema Karani, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. "Kumwaga hakumo."

"Mwache, Siwema," Bi Kidawa alisema kutoka kitini. "Huyo hata mama yake alimzaa na vifungo. Fanya kazi yako. Kiti chenyewe hiki kimetengenezwa na mtu asiye na makalio."

Siwema alicheka, akafungua kisanduku. Kwanza aliutoa mdeki, ile fimbo ndefu ya kushindilia baruti, akaenda kusimama kando ya mdomo wa mtutu, akauteremsha ndani taratibu. Mtutu mtupu humeza mdeki wote mpaka kisigino. Huu haukumeza wote. Mdeki ulisimama kipimo cha kiganja kizima kabla ya mwisho, na aliposukuma kidogo alihisi kitu laini, kisha kitu kigumu nyuma yake, na akauvuta mdeki haraka kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu wanavaa.

"Kuna nini humo?" mama yake aliuliza.

"Risasi."

"Ulidhani kuna mchele?"

Ukweli ni kwamba Siwema alitumaini kutokuta kitu. Kwa miaka mitatu ng'ambo ya mto alikuwa akiota usiku na mchana kwamba mtutu ule ni mtupu, kwamba mji umekaa mbele ya bomba la chuma lisilo na lolote, na kwamba yeye ndiye atakayerudi na habari hiyo. Angependa sana kuwa mtu wa kuleta habari hiyo. Lakini gobore halikuwa limewadanganya watu. Lilikuwa na risasi, lilikuwa na baruti, lilikuwa na jiwe. Lilikuwa na kila kitu isipokuwa kulia.

Alihamia upande wa kushoto wa bunduki na kuanza parafujo ya kwanza.

Mtambo wa gobore la gumegume si kitu cha ajabu. Ni bamba la chuma lenye urefu wa kiganja, limezamishwa ubavuni mwa mbao upande wa kulia. Nje ya bamba kuna nyundo inayouma jiwe, na mbele yake chuma kilichosimama ambacho jiwe hukipiga ili litoe cheche, na chini ya chuma hicho kile kisahani cha baruti. Ndani, mahali ambapo hakuna macho, kuna kamani, ile springi kubwa iliyokunjwa kwa nguvu, na kijino kidogo kinachoizuia isikunjuke. Vyote hivyo vinashikwa na parafujo mbili ndefu zinazopenya mbao kutoka upande wa pili. Mwalimu wao ng'ambo ya mto alikuwa akirudia jambo moja mpaka wakaliona usingizini: mtambo uliokaza haung'olewi. Usitie ncha ya bisibisi ukingoni ukabandua, mbao itapasuka na kazi itakuwa imekwisha. Legeza parafujo nusu, uziache ndani, kisha gonga vichwa vyake kwa kinyundo cha mti, huku kidogo, kule kidogo, na mtambo utatoka wenyewe kwa upande wa pili, sawasawa, kama mkate unaotoka kwenye chombo.

Robo mzunguko. Pumzika. Robo tena.

Ndani ya Jumba la Kati saa hazikwenda kwa kufuatana. Siwema alikuwa amesikia hivyo utotoni, ila hakuwahi kukaa humo kiasi cha kuliona. Alipomaliza mzunguko wa kwanza na kuinua macho, mama yake kitini alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nywele amesuka mistari, anatafuna kitu shavuni. Alipomaliza wa pili alikuwa bibi kizee asiye na meno, shingo imelegea, mikono imelala mapajani kama glavu. Hakuna aliyeshangaa. Karani alikuwa anapangusa vumbi kwenye kifungo. Katika mzunguko wa tatu Siwema aliinua macho akamwona mama yake ana mimba kubwa, na mtutu, kwa jinsi ulivyoinama, haukuwa ukimtazama usoni bali tumboni.

"Mama. Ulikaa hapa ukiwa na mimba yangu?"

"Zamu haiangalii tumbo," alisema Bi Kidawa, msichana, bibi, mjamzito. "Ulikuwa ukicheza sana. Nilikuwa nakwambia, tulia, wewe, unaonekana."

Siwema aliinamia tena parafujo. Basi alikuwa amekaa mbele ya gobore hata kabla ya kuwa na jina. Basi alikuwa yuko pale na yuko hapa, ametazamwa na sasa anashika bisibisi, na kati ya hao wawili hakujua ni yupi anayefungua na yupi anayengoja kufunguliwa.

Nguvu hukaa wapi? Hilo ndilo swali alilokwenda nalo ng'ambo ya mto na ambalo hakuna mwalimu aliyelijibu. Haikai kwenye risasi, maana risasi ni kipande cha madini tu, unaweza kukitumia kuzamishia ndoana. Haikai kwenye baruti, maana Karani anaibeba mfukoni kila mwezi na wakati mwingine anapiga chafya juu yake. Je, inakaa kwa mwenye bunduki? Hakuna mwenye bunduki. Umetafuta, Siwema. Ulipokuwa mdogo ulizunguka nyuma ya ukuta kumtafuta mtu aliyeshika kile kitako, ukakuta kuku wanachakura na kamba ya nguo. Hakuna mtu. Nyuma ya gobore hakuna mtu hata mmoja, na bado mama yako ananyoosha mgongo akitaka kukohoa, anaogopa kukohoa. Anamwogopa nani? Anauogopa ule mwendo mfupi wa nyundo, kipimo cha ukucha, ambao haujafanyika. Tumetawaliwa na kitu ambacho hakijafanyika. Kingefanyika mara moja tu tungelia, tungezika, tungepumzika. Lakini hakifanyiki. Kila siku hakifanyiki upya.

Robo tena.

Parafujo zote mbili zilifika nusu. Akagonga vichwa kwa kinyundo cha mti, huku, kule. Mtambo haukusogea. Akagonga tena. Akapumzika, akagonga. Alisikia vizuri sauti ya mti, sauti ya kitu kilichoshikwa kila mahali kwa wakati mmoja, na kwa mara ya kwanza alimwonea baba yake huruma badala ya aibu.

"Limekaza?" Karani aliuliza kwa upole.

"Bado halijakaza."

Alijua la kufanya. Mbao hunywa unyevu ikavimba, chuma hushika kutu, na baina ya hivyo viwili huingia uchafu wa miaka. Dawa yake ni mafuta ya moto. Jiko lilikuwa limewekwa nje, mbali na baruti, kama kanuni ilivyotaka. Siwema alitoka, akachemsha mafuta mpaka yakaanza kutetemeka, akarudi na kikombe na unyoya wa kuku, akaanza kuyadondosha ukingoni mwa bamba, tone moja, tone lingine, akiyaacha yajitafutie njia. Kisha akazungushia kitambaa kilichochovywa mafuta hayohayo. Akangoja. Akarudia. Mara ya tano ilikuja harufu.

Ilikuwa harufu ya sandarusi. Ilijaa chumbani kama mtu mnene aliyeingia bila hodi, tamu kidogo, na kavu, na ya zamani. Ukingoni mwa bamba palitokea tone la rangi ya asali, likashuka ubavuni mwa mbao.

Siwema hakushtuka. Mtu wa mji mwingine angeshtuka, akajiuliza utomvu huo unafanya nini ndani ya chuma. Lakini katika mji ule kila mbao hupakwa sandarusi. Vitanda hupakwa, milango hupakwa, miiko ya wali hupakwa, na vitako vya bunduki hupakwa mpaka ving'ae, na kila fundi anajua kwamba ukiitia moto mbao ya zamani rangi yake hulainika na kunuka. Akafuta tone lile kwa kidole, akalipaka kwenye aproni yake, akaongeza mafuta.

Akagonga. Safari hii mtambo ulijibu. Ulisogea unene wa uzi, kisha unene wa shilingi, na mwili mzima wa Siwema ulijaa furaha ambayo hakuwa nayo tangu alipokuwa mtoto. Aligonga huku, akagonga kule. Bamba likatoka upana wa kidole kimoja, upana wa vidole viwili, likaning'inia kwenye ncha za parafujo, na mwanga wa mlangoni ukaingia ndani ya mtambo kwa mara ya kwanza.

Akazunguka upande wa kulia, mkono wa kushoto umelishika bamba, akainama kutazama.

Ndani mlikuwa mmejaa sandarusi. Haikuwa rangi ya mbao. Mtu alikuwa ameimimina humo ikiwa ya moto, kwa kukusudia, ikaizunguka kamani, ikajaza kila pengo, ikaganda. Na haikuwa moja. Palikuwa na tabaka juu ya tabaka, ya chini nyeusi kama molasi, ya katikati nyekundu, ya juu njano safi yenye siafu mmoja aliyenaswa akiwa ameinua miguu ya mbele. Hakuhesabu tabaka. Hakukuwa na haja. Kila fundi aliyeingia humu alikuwa ameacha yake.

Kisha akakiona kijino, kile kipande kidogo ambacho kazi yake yote duniani ni kuizuia nyundo isishuke. Kilikuwa kimelika. Palipopaswa kuwa na ncha palikuwa duara, laini kama ufizi. Hakikuwa kimeshika kitu chochote kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu.

Akaelewa yote kwa mara moja, kama mtu anayeanguka anavyoelewa ngazi. Mtambo haukuwa umekaza. Mafundi arobaini waliufungua, wote arobaini, mmoja baada ya mwingine, maana walikuwa mafundi. Wakaona alichokiona yeye. Hawakuruhusiwa kumwaga baruti, hawakuruhusiwa kuondoa kiti, hawakuwa na uwezo juu ya jambo lolote isipokuwa moja: kumimina sandarusi, kurudisha bamba, kutoka nje na kusema limekaza. Na baba yake alirudi nyumbani akanawa mikono, akala, akaitwa Limekaza miaka kumi na tisa, na hakusema. Angesemaje? Siku ambayo mji ungejua kwamba kinachoishika nyundo ni utomvu wa mti, nani angekubali kukaa? Na asipokaa mtu, nani angekubali kulala?

Na yeye, mwenye cheti, ameuyeyusha.

Nyundo ilisogea. Mwendo wake ulikuwa mdogo na wa polepole, kama wa mtu anayejigeuza kitandani. Siwema alirusha mkono wa kulia, akaikamata kwa kidole gumba, akaivuta nyuma. Kamani ilikuwa na nguvu zake zote. Imekaa imekunjwa miaka yote hiyo na haikuchoka hata kidogo.

"Mama," alisema, na alijitahidi sauti yake iwe ya kawaida. "Inuka. Sogea upande."

"Nani amekuja kunipokea zamu?"

"Hakuna aliyekuja. Sogea tu, Mama. Nyundo nimeishika kwa mkono, nikiiachia inashuka."

Bi Kidawa aligeuza shingo akatazama nyuma yake. Nyuma ya kiti palikuwa na mlango, na mlango ule haukuwa na ubao wala bawaba, ulikuwa uwazi tu, na kupitia uwazi huo ulionekana mtaa wa wasusi, ambako watu walikuwa wamekaa juu ya majamvi wakisuka ukili na kubishana juu ya jambo fulani la kuchekesha. Mwanamke mmoja alikuwa amenyoosha miguu yake moja kwa moja kuelekea Jumbani.

"Nikisogea," alisema Bi Kidawa, "risasi ikipita hapa nilipo inakwenda wapi?"

"Mama, nakuomba."

"Nimekuuliza, mwanangu. Inakwenda wapi?"

Siwema aliutazama mtaa wa wasusi. "Bwana Karani, waambie wale watu waondoke. Au mwaga baruti, mikono yangu yote miwili imeshika. Inua kile chuma cha mbele, pulizia tu kisahani, pumzi moja, basi."

Karani Kitwana alikuwa amesogea karibu. Alitazama kisahani, akaukunja mdomo kama anayetaka kupuliza, na akakaa hivyo. Kwa muda mrefu alikaa hivyo. Midomo yake ilitengeneza duara kamili na pumzi haikutoka. "Sijui," alisema mwishowe, na macho yake yalikuwa na machozi. "Binti, nakuapia sijui inavyoanza. Mimi nilifundishwa kuongeza."

"Puliza kama unavyopoza chai."

"Chai sinywi."

Mafuta ndiyo yaliyomshinda Siwema, mafuta yake mwenyewe, aliyoyachemsha na kuyadondosha kwa unyoya kwa uangalifu mkubwa. Yalikuwa yametambaa mpaka juu ya nyundo, na kidole kikawa kinateleza, kwanza unene wa unywele mmoja, kisha mwingine. Aliinua macho. Kitini alimwona msichana wa miaka kumi na sita. Alimwona bibi kizee. Akamwona mjamzito ameweka viganja viwili juu ya tumbo, na ndani ya tumbo lile alijiona mwenyewe, anacheza, anaonekana.

Kidole cha kulia kilipoteleza, mkono wa kushoto uliachia bamba. Alikiingiza kidole gumba cha kushoto kati ya jiwe na chuma, na nyundo ikashuka.

Haikutoa cheche. Ilitoa sauti ndogo, yenye maji.

Kwa kitambo hakukuwa na Siwema. Palikuwa na maumivu yaliyosimama chumbani kama nguzo, na watu watatu waliokuwa wanayazunguka. Aliporudi mwilini mwake alikuwa amepiga magoti kando ya gobore, shavu lake liko juu ya mbao yenye joto, na jiwe limezama kidoleni mpaka mfupani. Damu ilikuwa inadondoka sakafuni bila haraka. Kitini, mama yake alikuwa hai. Alikuwa na umri wake wa kweli.

Karani aliinama, akatazama upande huu, akatazama upande ule. Alijaribu nyundo kwa ncha ya ukucha. Akanyooka, akashusha pumzi, na kifungo chake cha juu kikafunguka chenyewe.

"Limekaza," alisema. Alilisema kwa shukrani.

Ndipo akaingia Machano, fundi viatu, jirani yao, ambaye zamu yake ndiyo iliyofuata, akiwa na mto wa kukalia kwapani. "Nisameheni nimechelewa, mteja amenishika na kiatu kimoja, cha pili ati ataleta mwakani. Bi Kidawa, kiti kimekula nini leo?" Akagusa mgongo wa kiti, Bi Kidawa akainuka, naye akaketi papo hapo, na alipokwisha kuukalia mto wake ndipo alipomwona Siwema. Utani ulimtoka usoni. "Maskini. Fundi. Umefanywa nini?"

"Njoo unisaidie kuivuta, Machano. Una mikono ya kushona ngozi."

Machano alitazama mikono yake. Alitazama miguu ya kiti. "Nimeshakaa," alisema kwa sauti ndogo. "Ungeniita kabla sijakaa, dada, haki ya Mungu ningekuja."

Bi Kidawa ndiye aliyekuja. Alishika nyundo kwa mikono miwili, akaweka mguu wake kwenye mhimili, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nyundo ilirudi nyuma unene wa jani. Kisha ikamshinda, ikarudi ilipokuwa, na Siwema akapiga kelele kwa mara ya kwanza. Mama yake hakujaribu tena. Watu wa mtaa wa wasusi waliisikia kelele, wakajaa mlangoni, wamo wenye mabega mapana, wamo waliozoea kubeba magogo. Karani aliwaeleza kwa adabu kwamba anayegusa gobore ni fundi peke yake, au ndugu wa aliyekaa siku ya zamu, na zamu ya nyumba hii imekwisha. Fundi wa mji alikuwa mmoja, naye ndiye aliyenaswa. Watu walisema, pole fundi, pole sana. Hakuna aliyecheka. Siwema alingoja acheke hata mtu mmoja.

"Baba yako alirudi ananuka hivi," Bi Kidawa alimwambia walipobaki wachache. Alikuwa amekaa chini, mgongo wake umeegemea mguu wa binti yake. "Siku ile. Nilidhani amepitia mahali kupaka kitanda cha watu. Nikamgombeza, nikamwambia, umeshindwa kazi moja unakwenda kutafuta nyingine. Akanawa mikono tu."

"Alikuwa amechoka?"

"Alikuwa ananitazama sana. Zamu yetu ilikuwa mwezi unaofuata."

Siku zilikwenda, au siku moja ilikwenda mara nyingi. Machano aliondoka akaja mwingine, na mwingine. Kila aliyekaa kitini alimsalimu Siwema kwanza, kisha akalitazama gobore, na Siwema aliona katika nyuso zao utulivu ambao hakuwahi kuuona kwa mtu yeyote mahali pale. Baadhi walisinzia. Mwanamke mmoja alikuja na ukili wake akasuka. Kidole kilivimba, kikawa cheusi, kikakauka juu ya jiwe, hata haikuwezekana kusema jiwe linaishia wapi. Wakati mwingine, akiwa amelaza shavu kwenye mbao, alihisi kamani ikimsukuma, sawasawa, bila chuki, na aliisukuma naye, na hakukumbuka tena kama kuna kazi nyingine ambayo mikono hufanya.

Bi Kidawa alikuja kila asubuhi na uji wa mtama. Alimnywesha kwa kijiko, akimfuta kidevu kwa ncha ya kanga.

"Leo inauma?" alimuuliza.

"Haiumi tena, Mama."

Kijiko kilisimama njiani. Bi Kidawa alikirudisha ndani ya bakuli, akaliweka bakuli chini, akamshika binti yake uso kwa viganja viwili.

"Usiniambie hivyo," alisema. "Niambie inauma."

Siwema alitafuta. Alitafuta kidoleni, akapanda mkononi, akafika begani, akatafuta kwa uaminifu kila mahali ambapo maumivu yangeweza kuwa yamejificha, huku mama yake akimngoja. Kitini palikuwa na mtu anakoroma taratibu.

"Inauma," alisema.

Bi Kidawa akashusha pumzi, akachota uji mwingine.